Jinsi Nilivyolilinda Yai la Nyumbani

Kwa miaka mingi nilifundisha uchumi katika chuo cha biashara kilichokuwa ghorofani kule River Road, juu ya duka la vifuniko vya simu. Somo nililolipenda kuliko yote ni lile la soko huria. Nilikuwa nachora ubaoni mstari wa mahitaji na mstari wa ugavi, naikutanisha, kisha narudi nyuma kidogo na kuitazama kama fundi anayetazama nyumba aliyomaliza kuijenga. Serikali ikae kando, niliwaambia wanafunzi. Mfanyabiashara anayekimbilia serikalini kuomba ulinzi ni mvivu, na asiyeweza kushindana afunge aende zake. Nilisema maneno hayo kwa sauti iliyowafikia wauza vifuniko chini, tena kwa ujasiri wa mtu asiyeuza chochote.

Wanafunzi walipopungua na chuo kikaanza kunipa masomo machache kila muhula, niliamua kufuga kuku wa mayai. Nilikuwa na kipande cha ardhi Uthiru, nyuma ya nyumba, ambapo marehemu mama yangu alikuwa akilima sukuma wiki. Nilijenga banda, nikaweka kuku, na baada ya muda mfupi nikawa nawaambia majirani kwamba mimi ni mwekezaji.

Mke wangu hakuhitaji kujipa cheo. Alikuwa na hoteli Kangemi, karibu na soko: chumba cha mabati chenye meza chache, benchi, na jiko lisilopoa. Alikuwa amefika Nairobi kutoka magharibi akiwa msichana, akaishi kwa shangazi, kisha kwa dada, kisha kwangu kwenye shamba la mama yangu. Hoteli ile ilikuwa mlango wa kwanza maishani mwake ambao ufunguo wake ulikuwa wake peke yake. Aliufunga kifundoni mwa leso, na hata akienda kanisani alienda nao. Wateja wake wengi walikuwa watu wa mjengo, wanaopita asubuhi na mapema kutafuta kibarua cha ujenzi. Walimjia kwa sababu ya mayai. Mayai pasua, yaliyochemshwa na kujazwa kachumbari, chapati mayai, mayai kaanga na chai. Ukiondoa mayai, ilibaki hoteli kama nyingine zote za pale sokoni.

Mwanzoni alinunua mayai yangu. Kisha malori ya mayai ya nchi jirani yakaanza kuingia, bei ikashuka, na siku moja nikakuta trei za watu wengine zimepangwa jikoni kwake.

"Baba watoto, mayai yako ni mazuri," aliniambia kabla sijafungua mdomo. "Lakini hawa watu wa mjengo hawaangalii uzuri. Wanaangalia bei."

"Hata kwa mume wako?"

"Si ni wewe ulikuwa unafundisha hiyo kitu? Ati mwenye bei ya juu akae nyumbani?"

Nilirudi Uthiru nikiwa nimenuna. Kwa miaka yote ile mistari yangu ya ubaoni ilikutana vizuri, na sasa imekutana juu ya kichwa changu. Mtu mwenye akili angepunguza gharama zake au angefuga kitu kingine. Mimi nilijiunga na chama cha kutetea wafugaji.

Mikutano ya chama ilifanyika kwenye bustani ya klabu moja ya watu wenye nafasi, huku upande wa magharibi wa jiji. Mwenyekiti wetu alikuwa na kuku wengi kiasi kwamba sidhani aliwahi kuwaona wote. Alikuwa anajuana na wakubwa, na alikuwa anawataja wakubwa hao kwa namna mtu anavyowataja shemeji zake. Sisi wafugaji wadogo kazi yetu ilikuwa kuonekana. Ukienda kuiomba serikali ifunge mlango, alituelezea, usiende na tajiri peke yake, nenda na mtu mwenye matope kwenye viatu. Mkutano uliofuata nilikuja na viatu vya bandani bila kuambiwa.

Kwa kuwa nilikuwa mwalimu, walinifanya katibu. Niliandika waraka wetu kwa kamati ya bunge kwa bidii ambayo sikuwahi kuitumia kusahihisha mitihani. Niliandika kwamba ufugaji wa kuku ni mtoto mchanga anayehitaji kubebwa. Niliandika kwamba yai ni suala la usalama wa taifa. Nilitaka hata kuandika kwamba jeshi haliwezi kupigana bila kifungua kinywa, lakini mweka hazina akaniomba nipumzike. Nilipousoma waraka ule kwa sauti nilitokwa na machozi kidogo, na nilikuwa nimeuandika mimi mwenyewe.

Sasa, kikao cha kukusanya maoni ya umma kina utaratibu wake hapa kwetu, na kila mtu anaujua. Umma hauji wenyewe. Umma unaletwa, unavishwa fulana, unapewa chai. Chama chenye umma uliovaa fulana kinaonekana kina watu, na chama kisicho na fulana kinaonekana ni wazee watatu wenye bahasha. Tulichapisha fulana za manjano zenye picha ya kuku. Mchapaji alimchora yule kuku kifua mbele na macho makali, kwa hiyo tukawa kama tumekuja kutetea tai. Watu wa kuzivaa niliwatafuta mimi, wengi wao akina mama wa kanisani kwetu na majirani zao wa Kangemi.

Chai pia ilikuwa mikononi mwangu. Nikampa mke wangu kazi hiyo, chai, mandazi na mayai ya kuchemsha, nikidhani kwamba nitamfurahisha na yaishe. Lakini nilikuwa katibu, na katibu mzuri huokoa fedha za chama. Alipotaja bei, nilimwambia ni kubwa. Alipoipunguza, nikamwambia bado. Nilimkaba mpaka akasalimu amri.

"Sawa," alisema. "Hiyo bei yako nitaifikia. Usiniulize nitaifikia aje."

Sikumuuliza. Nilikuwa nimefurahi mno kushinda.

Kikao kilifanyika katika ukumbi mmoja katikati ya jiji, wenye viyoyozi na mazulia yanayomeza sauti ya viatu. Nilisimama kwenye kipaza sauti nikausoma waraka wangu. Nilipofika pale pa usalama wa taifa, akina mama wa fulana za manjano walipiga makofi, kama tulivyokubaliana. Nilijiona mtu mkubwa. Kisha mheshimiwa mmoja aliyekuwa ameketi pembeni, mnene, mpole, mwenye yai la kuchemsha mkononi, aliomba kuuliza swali dogo. Alikuwa amepewa yai lile mlangoni, pamoja na chumvi kwenye kikaratasi.

"Katibu, hili yai ni la nyumbani?"

"La nyumbani kabisa, mheshimiwa," nilisema, na nikapiga kifua.

"Nani alileta?"

Watu wote waligeuka nyuma, kwa mke wangu, aliyekuwa amesimama karibu na birika kubwa la chai akiwa amevaa aproni yake ya kazi.

"Mama, haya mayai umetoa wapi?"

Mke wangu hajui kusema uongo mbele ya watu. Ni kasoro ambayo imetuletea shida nyingi. Aliinua kichwa akasema, "Ni ya kutoka ng'ambo ya mpaka, mheshimiwa. Hawa watu walitaka bei ya chini."

Ukumbi uliangua kicheko. Waheshimiwa walicheka, makarani walicheka, na umma wangu mwenyewe ulicheka mpaka wale kuku wa vifuani wakatikisika. Mimi nilibaki na mdomo wazi mbele ya kipaza sauti, na nasikia kilirekodi pumzi yangu. Nilitaka zulia lile linimeze kama lilivyomeza sauti za viatu.

Tulipotoka nje nilimwendea mwenyekiti kumpa pole na kujiuzulu. Alikuwa anaongea kwa simu akitabasamu. Alimaliza, akanishika bega.

"Mwalimu, wacha wasiwasi bana. Hii maneno iliisha kitambo. Tulikula lanchi na wakubwa wiki jana."

"Kwa hiyo hiki kikao?"

"Kikao ni lazima kiwe. Sheria inasema hivyo."

Mwalimu wa soko huria angepaswa kukasirika hapo. Ningepaswa kurarua fulana yangu pale barabarani. Nilichohisi, kusema kweli, ni kwamba mzigo umenitoka mabegani. Nilikwenda nikanywa soda na kumsifu mwenyekiti kwa kuona mbali.

Haikuchukua muda, malori yakazuiwa. Bei ya mayai ikapanda kama tulivyoomba, na kwa majuma machache nilitembea Uthiru kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Kwa bahati mbaya hatukuwa peke yetu wenye fulana. Wasagaji wa chakula cha kuku nao walikuwa na chama chao, mwenyekiti wao, na lanchi yao, na wao waliomba nafaka na soya za nje zizuiwe. Wakasikilizwa. Faida yangu mpya ikapita mkononi mwangu ikaenda moja kwa moja kwa msagaji. Nilikuwa nimepanga kuajiri kijana au mzee wa kunisaidia bandani. Mpango ule ukaliwa na kuku.

Kule Kangemi mke wangu alijaribu kila njia. Kwanza alipandisha bei ya mayai pasua, na watu wa mjengo wakamtania, wakamwita mama wa hoteli ya nyota tano, kisha wakaacha kumtania na wakaacha kuja. Akaanza kuuza nusu yai. Nililiona nusu yai lile kwenye sahani, limelala juu ya kachumbari nyingi, nikajifanya nasoma ujumbe kwenye simu. Nikamwambia nitamuuzia mayai yangu kwa bei ya chini. Akanitazama kwa huruma.

"Na chakula ya kuku utanunua na nini?"

Alihangaika na ndengu, akahangaika na ngwaci, yaani viazi vitamu, lakini jirani zake wa sokoni walikuwa na ndengu na ngwaci tangu zamani, na wateja wao walishawazoea. Siku aliyofunga hakulia wala hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alirudisha ufunguo kwa mwenye chumba, akaja nyumbani na sufuria zake kwenye bodaboda, akazipanga chini ya kitanda. Kesho yake asubuhi, kwa kuwa alikuwa hajui kukaa bure, alivaa aproni yake akaingia bandani kwangu.

Yeye ni mfanyakazi bora kuliko mimi. Kuku walimzoea upesi, na vifo vilipungua. Nilipomshukuru aliitikia kwa kichwa tu.

Ndipo mwenyekiti akanipigia. Kuna mwandishi wa habari wa runinga anataka kumwona mfugaji mdogo aliyefaidika na sera, alisema, na amenitaja mimi kwa sababu najua kuongea. Walikuja na kamera na gari lao, wakanisimamisha mlangoni mwa banda. Nilikuwa nimevaa vile viatu vyangu vya matope na fulana ya chama. Niliongea vizuri, hata usalama wa taifa niliutaja. Kisha yule mwandishi, binti mwerevu mwenye haraka, akauliza tangu sera ipitishwe nimeajiri watu wangapi.

Kichwa changu kilizunguka kutafuta mtu. Nyuma yangu palikuwa na mtu mmoja ameinama, anaokota mayai.

"Mmoja," nilisema.

"Naweza kuongea naye?"

Kabla sijasema lolote alikuwa ameshapita. Mke wangu alisimama, akajifuta mikono kwenye aproni.

"Mama, hii kazi umeipata kwa sababu ya hiyo sera mpya?"

"Ndiyo," alisema. "Kabla ya sera nilikuwa na hoteli yangu."

Jioni tulikaa pamoja kwenye kochi kutazama taarifa ya habari. Mimi nilipewa muda mrefu, na tai wangu wa fulana alionekana vizuri. Kisha akatokea yeye, mikono kwenye aproni, akasema "ndiyo", wakakata hapohapo na kwenda kwa hali ya hewa. Nilihisi aibu ambayo kile kicheko cha ukumbini hakikunipa. Yeye alitazama mvua za kaskazini mpaka zikaisha, kisha akaniuliza kama nimefunga banda.