Karai Moja Tu

Mama yangu alisafisha mchanga wa dhahabu kwenye machimbo ya Macalder tangu sijazaliwa. Presha ya macho ilipolimaliza jicho la kwanza, aliniomba kitu kimoja: auone mchezo wa simu niliokuwa nikiutengeneza kabla la pili halijazimika.

Mchezo wenyewe ulikuwa karai moja tu. Unatia mchanga na maji, unatikisa kwa kidole, dhahabu inabaki. Ilipaswa kuwa kazi ya miezi mitatu, nikiwa peke yangu mjini Rongo, nikiwachapishia wanafunzi kazi zao katikati.

Lakini mimi na kichwa changu! Niliona karai moja ni aibu, nikaongeza mto. Mto ukataka mvua. Halafu nikajiuliza mwenye dhahabu atanunua nini, nikajenga mnada mzima wa mifugo wa Ogwedhi, na ng'ombe wakaanza kupenya ukuta kama moshi. Mwezi mzima nilipigana na ng'ombe ambao hawapo. Mama akipiga simu, namwambia bado kidogo. Miaka miwili, bado kidogo. Nikikumbuka nataka kujizaba kofi.

Hatimaye nilimpelekea, ng'ombe wakiwa bado ukutani. Hakuwataka. Aliomba karai, akaisogeza simu hadi puani, akatikisa, kisha akaguna.

"Nani alikuambia sisi tunapepeta?"

Kweli, nilikuwa nimechora karai likirushwa juu na chini kama ungo wa mtama. Mimi niliyenyonyeshwa kando ya karai lenyewe! Akanishika mikono, akanionyesha: unazungusha, unainamisha, maji yanaondoka na mchanga mwepesi.

Nilirudi Rongo masikio yakiniwaka kwa hasira. Nikafuta mnada, mvua, mto, na kila ng'ombe. Nilitengeneza karai peke yake, likaisha kwa wiki tatu. Wiki tatu tu, jamani, na nilikuwa nimechezea miaka miwili.

Nilipofika nyumbani mama aliipapasa simu kujua kioo kiko upande gani. Nikaelewa, nikamgeuzia kioo juu. Akazungusha, akainamisha, sawasawa kabisa, sauti ya maji yakimwagika ikasikika. Chini ya karai ziling'aa punje tatu.

"Nyathina, mwanangu, imebaki?"

"Imebaki, Mama."

Akauliza iko wapi. Nilishika kidole chake nikakiweka juu ya zile punje. Akapapasa pale, akarudia kupapasa. Kioo kilikuwa laini tu.