Kishada Chekundu cha Eivind

Torgunn alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache yenyewe makali. Miaka thelathini alishona vishada vilivyochanika katika nyumba ya wageni ya Sletteskar, milimani Norwe, ambako wiki ya Pasaka watu hupanda na machungwa yao ya sikukuu, wakafunga skii, mbao ndefu za kutelezea, miguuni, kisha kishada kikawavuta juu ya theluji. Wageni walimwita daktari wa vishada. "Wagonjwa ni nyie," aliwajibu. "Vishada ni vizima."

Kila mwaka, kabla wageni hawajafika, matawi huchomekwa kuzunguka mahali mto unapoingia ziwani, maana hapo barafu hukonda joto likianza. Mtu wa skii akiyaona, hupinda njia. Lakini mtu wa kishada haangalii chini, jamani! Macho yake yako juu. Mumewe Eivind aliyachomeka matawi hayo kwa mikono yake mwenyewe, na siku mbili baadaye akapita katikati yake, mchana kweupe. Kilichobaki juu ya barafu ni kishada tu. Miaka tisa ilikuwa imepita, na Torgunn hakuwa amesamehe mtu: si ziwa, si upepo, si nafsi yake.

Mwaka huu joto liliwahi. Jumatano asubuhi mgeni mmoja alizama hapo mpaka kiunoni, wakamtoa anatetemeka, midomo ya buluu. Torgunn akamuuliza kwani hakuyaona matawi.

"Matawi gani?" akasema yule mtu.

Torgunn alipanda darini, akashusha kishada chekundu cha marehemu, akatafuta mkasi wa kukikata kiwe bendera za hatari. Bintiye Gyrid akamkuta.

"Mama! Hicho cha baba! Si uliniahidi nitakirusha Pasaka hii?"

"Nilikuahidi."

"Kata mashuka basi!"

"Mashuka meupe, mwanangu, juu ya theluji? Nani atayaona?"

"Tukanunue kitambaa mjini kesho."

"Kesho Alhamisi Kuu, maduka yamefungwa. Na watu arobaini watakuwa ziwani, wewe ukiwa mmoja wao."

Torgunn akaweka mkasi kwenye kitambaa, lakini mkono ulimgomea. Aliyeshona kila mshono wa kishada kile ni yeye. Gyrid, machozi yakimtiririka, akashika ncha ya pili, akaivuta ikakaza.

"Kata, mama."

Walifunga vipande kwenye mianzi mirefu kupita watu wawili, wakaichomeka kuzunguka mdomo wa mto, wakarudi nyumbani.

Alhamisi adhuhuri mgeni mmoja kutoka mji wa Bergen aliingia jikoni, theluji imemjaa hadi shingoni, amefura.

"Nani kaning'iniza matambara yale mekundu? Nilikuwa na mwendo wangu mzuri, nimegeuka ghafla hadi nikabwagwa!"

Gyrid alifungua mdomo. Mama yake akamshika mkono.

"Ni mimi," akasema Torgunn. "Ulianguka upande gani wa matambara?"

"Upande wa huku."

"Basi kaa, baba, unywe kahawa."

Akammiminia, machozi yakimlengalenga. Kisha akachukua chungwa, akaanza kulimenyea lile lijamaa lizima kama mtoto, na chungwa lilipokwisha akachukua jingine, maana machozi yalikuwa bado hayajamkauka.