Nani Anakata Majani?

Asubuhi moja wiki iliyopita, treni ilipotoka stesheni ya Toongabbie, mbele yangu walikaa bibi mmoja Mkongo na mjukuu wake, msichana aliyetoka likizo Uingereza. Msichana akamwonyesha picha kwenye simu: kanisa la watawa wa karne nyingi zilizopita, limebaki kuta na matao. Madirisha marefu hayana vioo, na mawingu yalikuwa kama yanapita ndani.

Mimi nikajifanya nasoma simu yangu.

Bibi alivuta kitenge kutoka mabegani akajifunika kichwa, kama mtu anayeingia kanisani. "Banasali saa ngapi?"

"Hakuna anayesali, Koko. Ni magofu," mjukuu akajibu kwa Kiingereza.

Bibi akaichukua simu mkononi mwake. "Ya kwetu pia ilibaki hivi," akasema, "siku tulikimbia."

Kisha akaikuza picha kwa vidole viwili, polepole, mpaka ikabaki sakafu tu, ambayo ilikuwa majani mabichi, mafupi, sawasawa kama zulia. "Na hizi majani, nani anakataka?"

"Sijui. Kuna mtu tu."

"Basi iko mutu anasali," akasema bibi, na hakukitoa kitenge kichwani hadi waliposhuka.

Sisi wa kanisa letu tunasali kwenye ghala tulilokodi Wetherill Park. Paa tunalo, na spika zetu nadhani zinasikika hadi bandari ya Port Botany, upande wa pili wa jiji. Jumapili iliyofuata nilifika mapema, nikatazama mlangoni. Majani yamefika magotini, na hakuna aliyekuwa ameyaona, hata mimi, hadi siku hiyo.