Mlango wa Wafula

Nina ploti ya nyumba za kupangisha mtaani Langas, na aibu ambayo bado haijanitoka. Watu wa kaunti waliniambia nikiwekee choo mlango, la sivyo wafunge ploti. Wakati huo nilikuwa nimekosana na mpangaji wangu Wafula kwa sababu ya bata zake. Basi alipoenda kazini nikang'oa mlango wake, nikaupachika chooni, maandishi yaliyokuwa juu yake nikayageuza ndani yasionekane. Nikajiona mjanja!

Wafula akasema tutaonana kortini. Nikamwita wakili Jepkemboi, binti ya rafiki yangu Mariko anayetoka Ziwa, aje anishauri.

"Mama, kumng'olea mpangaji mlango ni kosa. Ni wewe?" Jepkemboi akaniuliza.

"Mimi, na magoti haya? Ni wezi."

"Wezi gani hawa," Wafula, aliyekuwa amekuja kusikiliza, akauliza, "wanaacha bata wanabeba mlango?"

Baada ya chai Jepkemboi akaomba choo. Nikamwelekeza kwa jirani.

"Mbona aende mbali, Mama?" Wafula akasema. "Choo yako si iko na mlango mpya?"

Jepkemboi akaingia, akajifungia.

"Mama," akaita kutoka ndani, "hapa kumeandikwa 'Bwana, linda nyumba ya Wafula.' Kwani anaishi huku?"