Aliyepigwa Ndiye Shahidi

Wapo waliosalitiwa kwa viwanja, wengine kwa ndoa, wengine kwa mirathi. Mimi nilisalitiwa katika ubishi wa ngumi, mchana kweupe, mbele ya birika la kahawa, na aliyenisaliti ni kaka yangu wa tumbo moja. Mpaka leo nikikumbuka nasikia joto masikioni.

Kijiwe chenyewe kipo kwetu Mtoni, kando kidogo ya barabara ya Kilwa, kwenye ukuta wa gereji ya pikipiki. Wanaume wa pale wakimaliza siasa na mpira huhamia kwenye ngumi, na kwenye ngumi wana swali moja tu ambalo halijawahi kupata jibu: tangu watu waanze kupigana ulingoni, nani alikuwa na konde zito kuliko wote kwa kilo zake? Siyo nani alimwangusha nani. Kwa kilo zake. Majina sitayataja, maana kila jina lina wafuasi na sitaki kuanzisha ugomvi upya. Wapo waliosimama na Wamarekani wa uzito wa juu, wenye vifua kama makabati. Wapo waliosema hao ni mzigo tu unaomwangukia mtu, ukitaka ngumi nenda kwa Wameksiko wa uzito wa unyoya, vijitu vyembamba ambavyo vikigusa ubavu mtu anapiga magoti. Muuza kahawa alikuwa na hoja yake ya siafu: siafu anabeba mzigo kuliko mwili wake, tembo hajawahi kubeba tembo. Akishasema hivyo alikuwa anamimina kahawa kwa madaha, kesi kwake imekwisha.

Jaji wa kijiwe alikuwa mzee mmoja, bondia mstaafu, pua yake imelalia upande. Yeye ndiye aliyeweka sharti. Video haikubaliki, kwa sababu kamera haiumii. Maneno ya mpigaji mwenyewe hayakubaliki, hilo halihitaji maelezo. Anayekubalika ni aliyekula konde. "Aliyepigwa ndiye shahidi," alikuwa akisema. Ukitaka kumtetea bondia wa mtaani, umlete mtu aliyepigwa naye, akae kwenye benchi, aeleze aliona nini. Nimewaona wanaume wazima wakikiri pale mbele za watu kwamba fulani aliwazimia taa, na hakuna aliyewacheka.

Mimi ni bondia. Mchana ni karani katika duka la vifaa vya ujenzi la familia moja ya Kihindi, na tajiri wangu, mtu wa masihara, huniruhusu kujipima kwenye mizani ya misumari. "Leo umepungua, nikupunguzie na mshahara?" huwa ananiuliza. Kilo hamsini na moja, mvua jua. Aliyenipeleka klabu ya ngumi ni kaka. Baba alifariki tukiwa wadogo, mama akatulea peke yake kwa kazi ya ualimu na nyimbo za kwaya alizokuja nazo kutoka Tukuyu, na kwa mambo yote ambayo mama hakuyajua, mwalimu wangu alikuwa kaka. Yeye ndiye aliyenifunga bandeji za mikono mara ya kwanza, akanifundisha kwamba ngumi inaanzia kisiginoni. Ana kilo themanini na kitu, na mtaani alikuwa na jina. Nilimpenda kuliko binadamu yeyote. Nalisema wazi ili nieleweke.

Jioni moja tulibaki wawili tu klabuni, wenzetu wote wamekimbilia mechi ya watani. Tulivaa glovu tukaanza kuchezeana. Kaka akawa ananichokoza, mikono kaishusha kiunoni.

"Piga basi, sista! Unachagua mchicha?"

Nikapiga. Mguu wa nyuma ukazunguka, nyonga ikafuata, mkono wa kushoto ukaja mwisho kabisa, bila haraka. Sikusikia uzito wowote, ndivyo ilivyo ngumi ikifika mahali pake. Kaka hakuanguka kwa kishindo. Alikaa chini, miguu kainyoosha mbele kama mtoto anayesubiri uji, macho wazi, mwenyewe hayupo. Nilimwita, hakuitika. Nilimmwagia maji ya chupa usoni. Alipozinduka hakuuliza kimetokea nini. Aliuliza, "Nani kaona?"

Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa ananisihi, taya linavimba huku naliona.

"Mdogo wangu, nisitiri. Ntaishije Mtoni hii?"

Nikamsitiri. Mama alipouliza, kaka aliangalia sakafu, na mimi ndiye niliyesema kadondoka kwenye bodaboda. Tena nikainogesha: dereva alikuwa anaongea na simu, kakata kona vibaya, na hata pole hakusema. Mama akamlaani mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Kesho yake niliirudia hadithi ile ile gereji, maana mafundi wa pale wana maswali kuliko polisi. Kaka alikunywa uji kwa mrija kwa wiki kadhaa, na aliyekuwa anaukoroga ni mimi.

Miezi ikapita, akaja promota. Alikuwa anaandaa usiku wa ngumi Temeke na alibakiwa na nafasi moja, pambano la utangulizi la wanawake, uzito wangu. Promota huyo hakuwa na tabia ya kutafuta watu klabuni. Alikuwa anakaa kijiweni, anaagiza kahawa, anasikiliza nani anasifiwa na nani. Mimi nilikuwa nimepigana mapambano madogo madogo yasiyoonyeshwa popote, na nilishafika umri ambao kila anayeniona na glovu ananiuliza naolewa lini. Nafasi ile nikiikosa, nilijua nitabaki kupima misumari. Siku moja kabla promota hajaja kuchagua mtu, nilimfuata kaka uani, anasugua raba zake.

"Kaka, kesho promota yupo kijiweni. Unajua sharti la mzee. Shahidi mie sina mwingine."

Alisugua kidogo, kisha akasema, "Usijali, mdogo wangu. Ntasema."

"Utasema kweli? Yote?"

"Mie nimeshawahi kukuangusha?"

Kesho yake nilifika pale nimevaa vizuri, kama mtu anayekwenda kwenye usaili. "Shikamooni," nikasema, wakaitikia. Promota alikuwa na fulana ya kubana na simu mbili, na ubishi ulikuwa umeshapanda. Walikuwa wamefika kwa Wajapani wa uzito wa chini. Promota akawakata.

"Hao wa mbali nawajua. Hapa kwetu je? Kwa kilo zake, nani anapiga?"

Yakatajwa majina ya wanaume wawili watatu, mashahidi wakasema yao. Halafu nikasema, "Na mie nipo." Wakacheka, siyo kwa ubaya. Mzee akainua mkono wakanyamaza.

"Sharti ni lile lile. Nani kapigwa naye?"

Nilimtazama kaka. Alikuwa amekaa katikati ya mafundi wa gereji, kikombe mdomoni, na kikombe kile kilichukua muda mrefu kushuka.

"Kaka, sema."

Akacheka. "Huyu? Huyu ananikandaga tu mgongo. Moyo anao, sikatai. Ila ngumi ya kumlaza mtu, bado bado."

"Na taya lako?"

"Taya?" Akawageukia wenzake kana kwamba nimeongea Kichina. "Taya si bodaboda? We mwenyewe ndo ulikuja kuwahadithia hapahapa."

"Kweli bana," fundi mmoja akadakia. "Alitwambia. Jamaa alikuwa anaongea na simu."

"Na hata pole hakusema," akamalizia mwingine.

Walikuwa wananirudishia maneno yangu mwenyewe, na manukato niliyoyatia. Ningesema nini? Kwamba siku ile nilidanganya? Muongo wa juzi, nani atamwamini leo, tena anapojisifia? Mzee alinitazama. Nadhani alijua, mtu aliyeishi ulingoni anajua taya la ngumi na taya la lami. Lakini sharti lilikuwa lake, na hakuwa mtu wa kulivunja kwa kumhurumia mtu.

"Basi hana shahidi," akasema.

Promota akauliza kama yupo mwingine. Mtu akamtaja binti mmoja wa Mbagala. Kabla mzee hajauliza, mchomelea vyuma wa jirani, mwanamume wa kilo zisizopungua za kaka, alisimama akapandisha fulana na kugusa ubavu wake. "Huyo binti alinilaza hapa," akasema. "Wiki nzima nilikuwa nashindwa kupiga chafya." Kijiwe kizima kikatikisa kichwa kwa heshima. Promota akatoa simu na kuomba namba ya binti. Kaka aliangalia ndani ya kikombe chake, ambacho nina hakika kilikuwa kitupu.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na walisema pia fadhila za punda ni mashuzi. Siku ile niliyaelewa yote mawili kwa pamoja. Kilichonichoma hakikuwa kwamba aliogopa. Mwoga namwelewa. Kilichonichoma ni kwamba alichukua sitara niliyomvika mimi, kwa mkono wangu, kwa huruma yangu, akanifungia nayo mdomo. Angekana kwa uongo wake mwenyewe ningeumia kidogo. Alikana kwa wa kwangu.

Binti wa Mbagala alipigana na akashinda, na siku hizi anapanda ndege kwenda kupigana. Simchukii. Nilimtazama kwenye simu ya tajiri wangu pale dukani, na kwa haki kabisa anapiga. Kama anapiga kuliko mimi sijui, na sasa hakuna atakayejua.

Lakini yaliyonimaliza siyo hayo. Yaliyonimaliza ni ya Jumatatu yake, siku mbili baada ya kijiwe, nilipokwenda klabuni mapema nikamkuta kaka peke yake. Alikuwa amenunua mihogo ya kukaanga, ya kwangu kaiweka pembeni na pilipili nyingi ninavyopenda. Nilipokwisha kuingia, akafunga mlango.

"Mdogo wangu, nimekosa. Ila jiweke nafasi yangu. Wale wangeniimba mpaka kaburini."

"Yule mchomelea ameimbwa?"

Alinirushia glovu zangu, nikazivaa. Akavaa pedi za kupokelea ngumi, akazipandisha usawa wa uso, akasogea karibu yangu na kushusha sauti.

"Sikia. Mie nimepigwa na watu wa kilo tisini, wengine walishafika mpaka Ulaya. Hakuna aliyenizima. Hakuna. Kwa kilo zako sijaona, na wale wanaobishania Wameksiko hawajui wanachosema. Wewe ndiye."

Alisema hivyo huku jicho moja liko dirishani, asije akapita mtu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Kabla akili haijafika, mwili ulishafurahi, maana hayo ndiyo maneno niliyoyataka maisha yangu yote na aliyeyasema ndiye mtu niliyetaka ayaseme. Halafu akili ikafika.

"Kaseme kijiweni," nikamwambia.

Pedi zikashuka kidogo.

"Saa hizi wapo. Twende wote."

"Promota si keshapata mtu? Itasaidia nini sasa?"

"Itanisaidia mimi."

Alisimama pale na pedi zake, mkubwa, mzuri wa sura, taya limepona kabisa, na hakupiga hata hatua moja kuelekea mlangoni. Nilimsubiri. Nilimsubiri kuliko ilivyostahili. Kisha nikaanza kufungua kamba za glovu kwa meno.

"Unavua nini? Hatujaanza."

"Siwezi kumpiga mtu ambaye kesho atasema hajapigwa."

Siku hizi ananishikia pedi mtu mwingine, wala hajui kunishikia vizuri. Kaka bado anakaa kijiweni na bado anabisha, nasikia sauti yake nikipita kwenda dukani. Tunalala nyumba moja, tunakula chungu kimoja, na mama hajui kwa nini watoto wake wanasalimiana kama wapangaji.