Chipukizi Nililolikata Kikwe

Niliondoka Singida kwa sababu moja: kampuni ya miche ya migomba ya Arusha ilikuwa imenichukua, ila kwanza wiki mbili za mafunzo, na mkulima mwenyeji asiposaini fomu yangu, hakuna mkataba. Tangu nihitimu kilimo nilikuwa nyumbani nakula ugali wa mama. 

Ngarenaro, mjini Arusha, asubuhi ya kwanza, tulijikuta wanne, wote wahitimu, kwenye ofisi iliyo juu ya gereji. Mkufunzi wetu, Madam Anael, alitugawia buti. Zangu zilinibana, sikuthubutu kusema.

Olmotonyi tulikaa darasani wiki nzima, baridi ya Meru ikitupenya mifupani. Nikaandika kila neno: shina libaki na migomba mitatu, mama, mtoto na mjukuu; machipukizi mengine kata. Kwetu tunalima alizeti. Mgomba niliusoma kitabuni tu.

Wiki ya pili ilikuwa ya mashambani, na siku ya mwisho, ya fomu, nikapelekwa kijijini Kikwe. Mwenyeji wangu, Mama Nanyaro, alinipa chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nafika msibani mara moja. Unisubiri, ndipo tuanze."

Nisubiri? Na Madam Anael anapita saa sita kukagua? Nikashika panga. Hadi saa tano kila shina lilikuwa na watatu, safi kabisa.

Mama aliporudi alizunguka shamba, kisha akauliza, "Lile chipukizi nililolifunga kamba liko wapi?"

Kamba niliiona. Nilidhani takataka.

"Nilimwekea mkwe wangu, ameolewa juzi. Mgomba wa kwanza wa bi harusi hutoka kwa mama mkwe, haununuliwi."

Yesu wangu! Nikauona mkataba unaondoka.

"Nisamehe, mama. Sikujua."

"Hukuuliza. Chimba."

Tunguu, kile kitako cha chipukizi, lilikuwa bado hai ardhini. Nikalichimbua, nikalibeba begani, mama akiniongoza, hadi kwa mkwe, nikalipanda mwenyewe, bi harusi akicheka mpaka akakaa chini.

Tuliporudi, Madam Anael alikuwa uani. Mama aliandika fomu polepole, mimi nikichungulia: "Kazi anaijua. Hakuuliza mwenye shamba." Akasaini, kisha yeye na Madam wakanong'onezana kidogo pembeni.

Tukarudi Ngarenaro. Tulipofika, Madam akasema, "Jumatatu saa mbili. Kituo chako Kikwe. Mama amekuomba mwenyewe."

"Mimi? Kwa nini?"

"Anasema akiletewa mwingine, itabidi aanze kumfundisha upya."

Nikacheka, machozi yakanitoka. Kilimo nilikisomea miaka mitatu; kupiga hodi kwenye shamba la mtu nimejifunza Kikwe.