Orodha ya Chiwanda Haikuja

Saa kumi alasiri Edina aliamuru kompyuta itume onyo la mwera, upepo mkali wa kusini, na kompyuta ikanyamaza.

Edina alizaliwa Lituhi, binti wa mvuvi Bartholomayo. Alisoma stashahada ya kompyuta, na sasa anafanya kazi Mbinga katika ofisi ndogo inayowapelekea manahodha wa ziwani tahadhari za upepo. Programu aliiandika mwenyewe. Kwa kila ufuko, amri tatu hupokezana kazi: ya kwanza husoma orodha ya mitumbwi itakayoingia ziwani siku hiyo, ya pili huondoa namba zilizojirudia, ya tatu hutuma ujumbe. Leo hakuna hata mmoja uliotoka.

Mwera ungefika saa kumi na mbili. Wavuvi wa usipa, dagaa wa ziwa hili, huingia saa kumi na moja.

"Mtandao huo," alisema Mansuetus, mwenzake. "Zima, washa."

Akazima, akawasha, mara mbili. Kimya kilekile. Akampigia baba yake. Simu ikaita mpaka ikakatika.

"Dada, andika tu kwamba tumetuma. Nani atakuja kuhesabu?"

"Ziwa litahesabu, kaka. Nyamaza."

Alifungua dirisha la pili kuzitazama amri zake. Zote tatu zilikuwa hai, wala hakuna iliyokuwa ikifanya kazi. Basi zilikuwa zinangoja. Ya tatu inaingoja ya pili, ya pili inaingoja ya kwanza. Na ya kwanza inamngoja nani? Akatazama jina la faili ililopewa. Hapakuwa na jina. Amri ya namna hiyo isipopewa faili husoma kibodi. Muda wote ule ilikuwa inamngoja yeye aandike.

Programu hufuata alfabeti, na ufuko wa kwanza ni Chiwanda. Akampigia katibu wa huko, Mama Albina.

"Shikamoo, mama. Orodha ya leo iko wapi?"

"Marahaba. Orodha ya nini, mwanangu, na sisi tuna msiba? Tumetoka kumzika mzee Joakim. Nani aingie ziwani?"

Edina aliona aibu juu ya hofu. Mtoto wa ziwa, aliyelelewa akijua kwamba siku ya maziko mtumbwi hauguswi, alikuwa ameandika programu kana kwamba wavuvi hawafi. Kuikagua orodha isiyokuja kungemchukua mistari miwili. Aliiacha kwa haraka, na haraka ya mtu mmoja huwalipisha wengine.

"Poleni sana, mama."

Akabonyeza Control na D, kuiambia amri kwamba hakuna cha kusoma. Chiwanda ikapita. Lituhi ikafuata, namba zikamiminika. Ilikuwa saa kumi na dakika hamsini na mbili.

Simu ya baba ikaingia saa kumi na moja na robo.

"Jirani yetu Zabron amepata ujumbe wako, ametufuata majini na nguo zake, anapunga simu kama mwehu! Tulishaanza kupiga kasia. Mbona unalia, wewe?"

"Umetoka majini, baba?"

"Nimetoka."

"Wote?"

"Ngoja niwahesabu."

Akangoja.